Mfuko wa Dengu

Kamera ilikuwa ya Zeferino.
Aliinunua mnadani Beja, mwaka ule nguruwe wetu walipopata bei;
ndogo, ya rangi ya fedha, ya kutia mfukoni,
na kazi yake ilikuwa ubatizo, nguruwe,
na binamu wasiojua kutabasamu.
Nimeikuta kwenye mtoto wa meza, kati ya visu,
imelala usingizi wa betri.

Nikaichaji. Nikatoka nayo uani.
Mwezi ulikuwa umekaa juu ya ghala la magome,
mpevu, mnene,
kama mwenye nyumba aliyekuja kudai kodi.

Bonyeza.
Flashi ikawaka: mlimau ukashtuka, limau kwa limau,
mbwa wa Hermínia akabweka mpaka akakohoa,
na kiooni pakatokea mti mweupe
na juu yake weusi, na tone moja.
Nimepiga picha ya mlimau, nikasema. Haya.

Zima flashi. Bonyeza.
Sasa ukaja ute wa yai usio na kiini.
Bonyeza: ute wenye mkia.
Mkono huu ulichambua vizibo kiwandani miaka thelathini na moja,
kibovu kushoto, kizima kulia, bila kukosea,
leo unatetemeka kwa kitu chepesi kuliko mkate.

Iria, mjukuu wangu, hukesha na wagonjwa Lisboni.
Nikampigia. "Bibi, usiishike. Iweke juu ya kitu."
Kitu gani?
"Chochote kinachokubali umbo lake."
Nikaleta mfuko wa dengu, nikaulaza juu ya ukuta wa kisima,
nikaikandamiza kamera mpaka ikapata kiota.
"Sasa iambie ihesabu mbili kabla ya kupiga,
nawe uondoe kidole, hata usiipumulie."
Nikatii. Ute ule ule, ila umetulia.

"Punguza mwanga, bibi.
Kamera imeona giza, ikadhani kila kitu ni giza,
imekodoa jicho kama mtu anayetafuta ufunguo.
Mwezi ni jiwe tu. Jiwe lililo juani.
Upige kama unavyopiga mchana."

Nikakaa juu ya ndoo.
Miaka sabini na minne nauhesabu mwezi kuwa mtu wa usiku,
kumbe kule juu ni adhuhuri,
adhuhuri ya mawe matupu, hakuna kivuli cha kupumzikia,
Agosti yetu isiyokuwa na mialoni.

Nikapunguza. Nikapunguza tena,
mpaka ua ukapotea kiooni, na ghala, na nyota zote,
akabaki yeye peke yake, mdogo kama punje moja ya mfukoni,
lakini ana sura!
Yale madoa ya kijivu, ambayo mama alisema
ni mtu aliyekamatwa akibeba kuni siku ya Jumapili,
na chini kabisa shimo lenye miale
kama kitovu cha chungwa.

Nilipiga kelele. Mbwa wa Hermínia akajibu.

Kisha kamera ikasema kadi imejaa.
Nikarudi nyuma kutafuta cha kufuta:
ubatizo wa Iria, nguruwe, binamu, nguruwe,
halafu picha nyeusi.
Nyeusi yenye doa. Nyeusi yenye doa lenye mkia.
Kumi na saba.
Pembeni zimeandikwa Februari, saa tisa usiku,
majira yale alipokuwa akivaa buti gizani
na kuniambia kuna jike linataka kuzaa.
Februari ile hakuna jike lililozaa.

Kumi na saba, na hata moja haikutulia.
Hakuwa na mfuko wa dengu, maskini,
wala hakuwa na wa kumuuliza;
mimi ningecheka.
Ningecheka, ndiyo, kisha ningevaa viatu.

Iria anasema nisubiri mwezi nusu,
jua likiupiga kwa ubavu mashimo yanapata vina.
Basi nimefuta nguruwe watatu
na binamu wote.
Dengu zile sizipiki tena.